Mwenye Gari Yuko Wapi? Barua ya Wazi kwa Wachekeshaji Wetu

Kwa wachekeshaji wa majukwaani, watangazaji wa vipindi vya asubuhi redioni, na vijana mnaorekodi video fupi za kuchekesha na kuzirusha mitandaoni.



Nawaandikia kuhusu konda. Namaanisha yule kijana wa mlangoni kwenye daladala za Dar es Salaam, mwenye noti alizozikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, anayegonganisha sarafu kutukumbusha nauli. Pamoja naye namtaja suka aliyeshika usukani, na mpiga debe anayekauka koo pale kituoni. Watu hawa watatu wamekuwa mtaji mkubwa wa kazi yenu. Ukiwasha redio asubuhi, konda yumo. Ukifungua simu mchana, unamkuta mtu kavaa shati lililochanika kwapani, kapinda mdomo, anaongea kwa sauti ya kukwaruza. Ukienda kwenye onyesho la usiku, hawachelewi kumfikia: harufu yake, meno yake, elimu yake, mama yake, na mambo ya chumbani ambayo sitayaandika hapa.

Je, ni haki kumcheka hivyo? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, kwa sababu mimi ni abiria wa kila siku na pia napenda kucheka. Nimefika mahali pa kusema kwamba sehemu kubwa ya vichekesho hivyo ni dhuluma. Si vyote, na nitaeleza tofauti ninayoiona.

Kwanza niwatoe hofu. Siwaombi wasimamizi wa sanaa wa BASATA wala wa mawasiliano wa TCRA wamfungie mtu. Mchekeshaji anayeandika huku akiogopa barua ya mamlaka atamwacha waziri, atamwacha tajiri, na atabaki na konda yule yule ambaye hana wa kumtetea. Nazungumza na nyinyi wenyewe, kwa sababu nyinyi ndio mnaochagua nani achekwe.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki hiyo inadai pia niyataje makosa yake. Konda husema "gari tupu, siti zipo" wakati watu wamening'inia mlangoni. Humwambia mama mwenye mtoto mgongoni asogee nyuma, mahali ambapo nyuma pamejaa. Gari limeandikwa kwamba linafika mwisho wa ruti, lakini katikati ya safari linageuza, abiria wanashushwa barabarani na kuambiwa wasubiri jingine. Chenji yako inakaa mkononi mwake hadi unakaribia kushuka, na usipoidai imekwenda. Mzee anayeshuka taratibu anaharakishwa kama mzigo. Wapo wanaomshika dada kiuno kwa kisingizio cha kumsaidia kupanda, na akilalamika wanamwita majina. Na yapo makubwa kuliko hayo. Mwaka 2014, kwa wenzetu wa Nairobi, wanawake walivuliwa nguo hadharani kwenye vituo vya matatu, daladala za kwao, na ndani ya magari, na baadhi ya waliohusika walikuwa wafanyakazi wa matatu. Novemba ya mwaka huo wanawake waliingia barabarani kudai heshima yao.

Mchekeshaji anayesimama jukwaani na kumdhihaki mwanaume wa namna hiyo, namuunga mkono kwa moyo wote. Amuige, amwaibishe, awafanye makondakta wenzake wamwone alivyo. Konda anayemshika dada wa watu kiuno ana nguvu juu yake kwa dakika zile, na mwenye nguvu anayeitumia vibaya anastahili kuchekwa. Hata ule uongo wa "gari tupu" ni mali halali ya mchekeshaji. Konda mwenyewe anajua anadanganya, sisi tunajua, na bado tunapanda. Hapo kuna kichekesho kizuri kinachotuhusu sote.

Sasa tazameni kile mnachokicheka zaidi. Kwa sehemu kubwa hakihusu anachomtendea abiria. Kinahusu kile ambacho kazi imemtendea yeye: jasho lake, sauti iliyokatika, shati lililofifia, macho mekundu ya kukosa usingizi, haraka isiyoisha. Na ili kuelewa vitu hivyo vinatoka wapi, inabidi tuzungumzie hesabu.

Wengi wenu mnalijua jambo hili kwa juu juu, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Madereva wengi wa daladala hawaendeshi magari yao. Mwenye gari humkabidhi dereva gari na kumtajia hesabu, yaani kiasi cha fedha kinachotakiwa kumfikia kila jioni. Kiasi hicho hutegemea ukubwa wa gari na ruti. Kipanya kidogo hakidaiwi sawa na Costa kubwa. Kabla ya kuifikia hesabu kuna mafuta, na mafuta hununuliwa kwa makusanyo ya siku hiyo hiyo. Mpiga debe wa kila kituo kikubwa ana chake. Anayeosha gari ana chake. Tairi likipata pancha, ni gharama nyingine. Trafiki akiandika faini, na faini ya kosa moja ni shilingi 30,000, mara nyingi mwenye gari husema hiyo ni juu yenu mliokosea. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho mshahara wa dereva na konda wake, wagawane. Kisipobaki kitu, wamefanya kazi bure tangu alfajiri. Hesabu ikipungua leo, kesho wanadaiwa. Ikipungua tena, gari linapewa wengine, kwa maana pale kijiweni deiwaka, yaani vijana wa kushikiza wasio na gari, wamekaa tangu asubuhi wakisubiri nafasi hiyo hiyo.

Ukishaijua hesabu, tabia nyingi mnazoziigiza zinajieleza. Kwa nini suka anakimbizana na gari la mbele? Kwa sababu abiria waliosimama kituo kinachofuata ni wa yule atakayetangulia. Kwa nini anageuza njiani jioni? Kwa sababu foleni imemlia saa mbili nzima na upande wa pili kuna watu wengi zaidi. Kwa nini wanajaza hadi mlango haufungi? Kwa sababu hesabu na mafuta vinalipwa na waliokaa kwenye viti, na wale waliosimama ndio riziki ya nyumbani kwao. Sisemi mambo haya ni sawa. Yanaua watu, na mimi ni mmoja wa wanaotaka yakomeshwe. Nasema yana mzizi, na mzizi wenyewe hauonekani hata mara moja kwenye vichekesho vyenu.

Chukueni suala la wanafunzi, ambalo limechezwa sana. Konda anafunga mlango, mtoto mwenye sare anabaki kituoni na begi lake. Ni jambo la kuumiza, na kila nikiliona linanikera. Lakini angalieni fedha zilivyo. Nauli za daladala zilipopandishwa mwishoni mwa 2023, mtu mzima kwenye ruti fupi kabisa alianza kulipa shilingi 600, na mwanafunzi akabaki kwenye 200. Nia ni njema: mtoto wa maskini afike shule. Ila ile tofauti ya shilingi 400 serikali haimrudishii mtu yeyote, na mwenye gari hapunguzi hesabu kwa sababu asubuhi gari lilibeba wanafunzi. Inakatwa kwenye riziki ya watu wawili walio ndani ya gari. Nchi nzima imeamua kuwasaidia watoto wake, kisha mchango wenyewe ikauacha uchangwe na konda. Katika vichekesho nilivyovisikia, konda huyo ni mtu mwenye roho mbaya basi, tena asiye na shule, anayewaonea wivu wanaosoma. Aliyepanga nauli hayumo kwenye mchezo. Mwenye gari hayumo. Lawama yote imebebeshwa mtu mwenye pesa kidogo kuliko wote.

Na ile harufu? Gari linatoka saa kumi alfajiri ili liwahi watu wa sokoni na walinzi wanaobadilishana zamu. Linalala saa nne usiku, siku nyingine saa tano. Kati ya saa hizo konda amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine hewani, vumbi na moshi vikimpiga, mikono ikishika pesa za kila mtu. Dar es Salaam ya Februari mnaijua. Choo cha kituoni ni cha kulipia, na kila dakika anayotoka ni abiria anayepotea. Anakula amesimama. Maji ya kuoga atayapata akifika kwake, ikiwa mtaa una maji usiku huo. Mtu yeyote kati yetu tukimsimamisha pale siku nzima atanuka jasho, hata awe ametoka nyumbani na manukato gani. Unapomcheka kwa hilo, unamcheka kwa kuwa amefanya kazi.

Mtafiti Matteo Rizzo aliyafuatilia maisha ya wafanyakazi wa daladala wa jiji hili kwa miaka mingi, na mwaka 2017 kikatoka kitabu chake, Taken for a Ride. Anachokionyesha humo kinafanana na kile ambacho konda yeyote atakueleza ukimpa nafasi: siku ndefu kupita kiasi, ajira isiyo na maandishi, na mwenye gari kuwa na sauti kubwa kwa sababu vijana wanaotafuta kazi ni wengi kuliko magari. Hili halikuanza jana. UDA, shirika la umma lililoundwa mwaka 1974 kubeba watu wa jiji, lilielemewa. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria, na tangu hapo sehemu kubwa ya jiji letu hufika kazini kwa jasho la vijana wasio na mkataba. Asiye na mkataba mwajiri wake hampelekei michango kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Akivunjika mguu kwa kudondoka mlangoni, anarudi kwa mama yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya ajira yake kwa maandishi. Ipo, inasomeka. Wafanyakazi wa daladala nao hawakukaa kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waliunda umoja wao, UWAMADAR, wakashirikiana na chama cha wafanyakazi wa mawasiliano na uchukuzi, COTWU, kudai jambo moja la msingi: mkataba. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva waligoma nchini, kituo cha mabasi cha Ubungo kikasimama, na mwezi uliofuata wakagoma tena. Waliupinga utaratibu wa kurudishwa darasani kila wanapohuisha leseni, na walidai mikataba. Watu hawa ambao kwenye michezo yenu hawajui kusema sentensi iliyonyooka walikaa mezani na viongozi wa serikali wakajenga hoja.

Mngetaka kuchekesha, pale palikuwa na mali tele. Fikirieni tajiri mwenye magari anayeulizwa mkataba wa dereva wake uko wapi, anavyopapasa mifukoni. Fikirieni dereva anayeonyeshwa karatasi, akisoma anakuta imeandikwa wajibu wake tu, na mahali pa mshahara pamewekwa nukta nukta. Kichekesho hicho kingemchoma mtu anayestahili kuchomwa, na ukumbi mzima ungecheka kwa kuwa kila aliyewahi kuajiriwa amelionja jambo hilo.

Najua jibu ambalo wengi wenu mtalitoa, maana nimelisikia: ni utani tu. Basi tuuzungumzie utani, kwa kuwa nchi hii inaujua vizuri. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Wachaga na Wapare ni watani. Mtani anaweza kuja msibani akavaa koti la marehemu, akaiga mwendo wake, akadai pesa kabla mwili haujatolewa, mpaka mjane mwenyewe akacheka katikati ya machozi. Hakuna anayemkasirikia. Lakini mtani huyo huyo ndiye aliyeshika jembe kuchimba kaburi. Ndiye aliyeteka maji na kupasua kuni. Na siku msiba utakapokuwa kwake, wewe unayo ruhusa ile ile ya kumfanyia yote aliyokufanyia.

Jambo linalonigusa zaidi ni mahali ambapo utani huo ulisambaa. Wanahistoria wa misafara ya karne ya 19, akiwemo Stephen Rockel katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, wanaeleza jinsi utani ulivyokua kwenye njia za misafara kati ya bara na pwani, kati ya wapagazi na watu waliokutana nao njiani. Wapagazi! Waliobeba pembe za ndovu mabegani kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na kurudi na vitambaa. Hao ndio waliokuwa wafanyakazi wa usafirishaji wa zama zile. Mtu yuko mbali na kwao, ameugua, hana ndugu katika kijiji alichofika. Aliye mtani wake anawajibika kumpa chakula na mahali pa kulala, na akifa, kumzika. Kejeli ilikuwa imefungwa pamoja na wajibu. Uliruhusiwa kumcheka mtu kwa sababu ulikuwa tayari kumbeba.

Nawauliza kwa dhati: nyinyi mnaomtania konda, mnabeba nini chake? Gari likipinduka mkamsikia amekufa, mnakwenda kuchimba? Yeye ana ruhusa gani ya kuwajibu? Hana kipaza sauti, hana kipindi cha asubuhi, hana wafuasi mitandaoni. Hata ile dakika anayoweza kukujibu, yaani ukiwa ndani ya gari lake, hukumbuki tena kwamba ulianza wewe. Unasema makondakta hawana adabu.

Wengine mtasema makondakta wenyewe wanacheka. Ni kweli, wanacheka. Nimekaa siti ya mbele redio ikiwa wazi, mchezo wa konda ukachezwa, na suka na konda wake wakacheka pamoja na abiria. Kijana mmoja wa ruti za Mbagala nilimuuliza baadaye kama haimuumi. Alinieleza kwamba konda akinuna, abiria watasema amejiona. Basi ni heri acheke yaishe. Niliona kicheko cha namna hiyo hakiwezi kuchukuliwa kama ruhusa.

Tena hawa watu ni wachekeshaji hodari, na hilo nadhani mnalijua kuliko mnavyokiri. Maneno mengi mnayotumia jukwaani yamezaliwa mlangoni mwa daladala. Konda anajibizana na abiria kumi kwa wakati mmoja, kila mmoja na lake, na bado anakumbuka nani hajalipa. Anamtuliza mlevi, anambembeleza mama aliyekanyagwa, anamwambia mzee anayelalamikia msongamano kwamba leo wote ni ndugu. Gari zima linacheka saa mbili usiku, watu waliochoka, waliosimama kwa foleni kutoka Kariakoo. Ucheshi huo unamhusisha kila mtu aliyemo na haumvui mtu nguo. Mnauchukua, mnaondoa akili yake, mnabakiza lafudhi na kwapa.

Nisipowataja wanawake nitakuwa sijasema kitu. Siku hizi wapo dada wanaofanya kazi ya ukonda, wachache lakini wapo, na kila ninapomwona mmoja nahesabu mambo anayoyashinda: alfajiri ya giza, wapiga debe wanaomzonga, abiria wanaodhani wana haki ya kumgusa. Vichekesho vinavyomhusu ni vichafu kuliko vyote. Karibu kila ninachokisikia kinasema jambo moja, kwamba mwanamke anayefanya kazi hiyo lazima anajiuza, au lazima analala na suka ili apewe gari. Kesho yake abiria aliyekisikia anapanda gari na kumtamkia dada yule maneno hayo hayo, huku akiwaangalia wenzake wamcheke. Hapa sioni nafasi ya mjadala. Mchekeshaji anayeandika hivyo amempa mnyanyasaji maneno ya kutumia.

Yapo pia yanayofika majumbani. Mzazi anamkaripia mtoto: usiposoma utakuwa konda. Mwalimu anasema hivyo mbele ya darasa. Na ndani ya darasa hilo, kwa jinsi jiji hili lilivyo, yumo mtoto ambaye ada ya twisheni, madaftari na uji wake wa asubuhi vimetoka kwenye zile noti zilizokunjwa kwa urefu. Makondakta wengi niliozungumza nao wamemaliza kidato cha nne. Mmoja alikuwa fundi umeme mwenye cheti, hakupata kazi. Ile picha ya konda asiyejua kusoma imepitwa na wakati, lakini inaendelea kuchezwa kwa sababu ni rahisi kuichekea.

Kuna waliodhani tabia mbaya ya usafiri wa jiji ni tabia ya makondakta, na kwamba akiondoka konda ustaarabu utakuja wenyewe. Mei 2016 usafiri wa mabasi ya Mwendokasi ulianza kazi kati ya Kimara na Kivukoni, daladala zikaondolewa kwenye sehemu kubwa ya Barabara ya Morogoro, na konda wa mlangoni akatoweka njia ile. Tiketi ikawa inanunuliwa dirishani. Je, kusukumana kuliisha? Mabasi yalipopungua, tulishuhudia watu wazima wenye tai wakiingia kupitia madirishani. Hapakuwa na konda wa kumlaumu. Palikuwa na watu wengi na mabasi machache, jambo lile lile ambalo konda wa Mbagala na Gongo la Mboto anapambana nalo kila asubuhi kwa mdomo wake peke yake.

Kumcheka mwenye nguvu kunawezekana, na mfano tunao. Marehemu Amri Athumani, tuliyempenda kwa jina la King Majuto, aliyetutoka Agosti 2018, alituchekesha kwa miaka mingi, na mara nyingi aliyechekwa ni yeye mwenyewe: mzee mkali, mwenye tamaa, anayedhani ana akili kuliko wote nyumbani kwake, kisha yanamgeukia. Mzee wa namna ile ana nyumba, ana sauti, ana watu wanaomwogopa. Kumcheka kulitupa nafuu sote tuliowahi kuishi chini ya mzee kama huyo. Kipaji cha aina hiyo kimo kwenu pia. Nimewaona. Mnajua kuiga sauti ya mkubwa, mnajua kuchezea ukimya, mnajua ni sekunde gani ukumbi utaangua kicheko. Ndiyo maana inaniuma kuona kipaji kinatumika kupiga mtu ambaye tayari amepigwa na kila mtu tangu alfajiri.

Basi ombi langu ni hili. Mchekeni konda anapodanganya, anapoiba chenji, anapomgusa asiyeridhia. Mwacheni na jasho lake, mwacheni na mama yake, na yule dada mwacheni kabisa. Nyinyi wa redio, siku moja mleteni konda halisi studio, mumlipe kama mnavyowalipa wageni wengine, mumpe nusu saa ya kuwachekesha wasikilizaji yeye mwenyewe. Nina hakika simu zitajaa. Na nyinyi wa majukwaani, andikeni mchezo mmoja kuhusu hesabu. Mwenye gari amekaa sebuleni saa nne usiku, simu mkononi, anapiga kila dakika tano kuuliza pesa ziko wapi, wakati gari lake limekwama kwenye foleni, tairi limepata pancha na trafiki anaandika faini. Mwenye gari ndiye awe mhusika mkuu, na yeye ndiye achekwe. Nitalipa kiingilio, na nitakuja na makondakta wa ruti yetu.

Wasalaam,
Abiria wa Mbagala,
Dar es Salaam